Elektrodi nyekundu au ya buluu? Mwongozo kwa mafundi na wauzaji wa mpakani

TORORO – Fundi anayenunua elektrodi za tungsteni za mashine ya TIG, iwe Tororo, Malaba au Busia, huonyeshwa vijiti vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ncha moja. Rangi hiyo si pambo. Nyekundu ina maana kwamba kijiti kina takriban asilimia 2 ya oksidi ya thoriamu, na thoriamu ni madini yenye mionzi.

Thoriamu iliongezwa kwa sababu nzuri. Huwezesha moto kuwaka haraka na kutulia, na ncha hukaa muda mrefu bila kuharibika. Ndiyo maana mafundi wengi waliisomea kazi kwa elektrodi nyekundu na hawajaona haja ya kuiacha.

Hatari iko wapi?

Kushika kijiti au kukiweka dukani si tatizo kubwa. Mionzi ya alfa inayotoka humo huzuiwa na ngozi. Tatizo huanza wakati wa kunoa ncha kwenye grainda. Vumbi likivutwa, hubaki mapafuni na mionzi hufanya kazi kutoka ndani. Anayenoa mara nyingi kwa siku, bila barakoa, katika chumba kisicho na hewa, ndiye aliye hatarini zaidi, pamoja na mwanafunzi wake anayefagia jioni.

Ni vyema kupima mambo kwa mizani. Moshi wa kuchomelea na mionzi ya urujuanimno ya moto wake viliwekwa mwaka 2017 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Gesi ya agoni nayo huweza kumkosesha mtu hewa ndani ya tangi. Hatari hizo zipo kwa elektrodi ya rangi yoyote. Ya thoriamu inaweza kuondolewa kabisa, kwa kubadilisha tu kile unachonunua.

Chaguo zilizopo

- Buluu (WL20): ina lanthanamu, haina mionzi ya kutia wasiwasi. Hufaa chuma, stenlesi na alumini, kwa umeme wa DC na AC. Kwa karakana inayotaka aina moja tu, ndiyo ya kuchukua.
- Kijivu (WC20): ina seriamu. Ni nzuri kwa mabati membamba na ampea ndogo.
- Nyeupe (WZ8): ina zirkoniamu. Ni ya alumini kwa AC.
- Kijani (WP): tungsteni tupu, kwa alumini kwenye mashine za zamani za transfoma. Haifai sana kwenye inveta.
- Nyekundu (WT20): ya thoriamu.

Hesabu ya fedha

Elektrodi haiyeyuki pamoja na kazi kama fimbo ya kawaida, hivyo kijiti kimoja hutumika kwa muda mrefu. Katika gharama za TIG, agoni na muda wa fundi ndivyo vinavyokula fedha. Tofauti ndogo ya bei kati ya boksi jekundu na la buluu haitoshi kuwa sababu ya kuvuta vumbi la thoriamu.

Kwa wanaovusha bidhaa

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Elektrodi zilizotengenezwa China hazipati nafuu hiyo hata kama zimenunuliwa Nairobi au Kampala. Anayetaka kuingiza nyekundu kwa wingi aulize kwanza Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda, au Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya.

Muuzaji anayefungua boksi na kuuza kijiti kimoja kimoja asikikate vipande, maana upande usio na rangi hauwezi kutambulika tena. Mnunuzi asome herufi za boksi, asitegemee rangi pekee. Fundi anoe ncha isiyo na rangi.

Mwenye nyekundu zilizobaki anoe kwa jiwe lililotengwa kwa kazi hiyo, avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, na afute vumbi kwa kitambaa kibichi. Asilipulize kwa kompresa, na anawe mikono kabla ya kula.