Hatulii, Lakini Je, Hana Akili? Urithi, Umakini na Mtoto wa Pwani ya Kusini

Mtoto huyu hana homa wala kikohozi. Ana miaka minane au tisa, na bibi yake amemleta kituo cha afya kwa sababu mwalimu amechoka naye. Hakai kitini, hujibu swali kabla halijaisha, na daftari lake limejaa sentensi zilizoanzwa zikaachwa njiani. Madrasa nako ni vivyo hivyo. Shuleni wamesema hana akili. Bibi hakubali moja kwa moja, kwani mjukuu huyo huyo hufunga mshipi vizuri, hujua bamvua litaingia lini na husimulia hadithi ndefu bila kuruka neno. Hata hivyo anaongeza kauli ambayo wahudumu wengi wa watoto wamewahi kuisikia: "Na baba yake alikuwa hivi hivi." Baba aliacha shule darasa la nne, akaingia baharini. Sasa familia inafikiri mtoto naye afuate njia hiyo.

Kisa cha namna hii kingeweza kutokea Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje au Lindi mjini, na ndani yake mna maswali mawili. Je, kutotulia kunarithiwa? Na ikiwa kunarithiwa, je, kunakuja pamoja na uchache wa akili? Maswali haya yakichanganywa, mtoto anaweza kutolewa shuleni kwa sababu isiyo ya kweli.

Urithi una nguvu, lakini si wa jeni moja

Hali inayozungumzwa hapa ni upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, ambao wataalamu huuita ADHD. Duniani huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100. Hautokani na laana, ukaidi wala malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, hasa katika mifumo inayoongoza umakini, subira na mpangilio wa kazi.

Bibi hakukosea kumtaja baba. Wazazi na ndugu wa mtoto mwenye ADHD wana uwezekano mara 5 hadi 10 zaidi ya watu wengine wa kuwa na hali hiyo. Mwaka 2019 matokeo ya tafiti 37 za mapacha yalijumlishwa, na kiwango cha urithi kikaonekana kuwa takriban asilimia 74.

Tarakimu hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Haimaanishi kwamba robo tatu ya utukutu wa mtoto fulani imetoka kwa wazazi wake. Maana yake ni kwamba, katika jamii zilizochunguzwa, sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu inaendana na tofauti za jeni zao. Mkulima wa korosho wa Lindi ataelewa upesi. Mbegu mchanganyiko zikipandwa katika shamba moja lenye udongo sawa, tofauti za mavuno kati ya mkorosho na mkorosho zitatokana zaidi na mbegu. Mbegu hizo hizo zikipandwa nusu kwenye udongo mzuri na nusu penye maji ya chumvi, udongo ndio utakaoamua mengi. Tafiti za mapacha zilifanywa zaidi Ulaya, Marekani na Australia, ambako mazingira ya watoto wengi hayatofautiani sana kama yanavyotofautiana kwetu.

Wala hakuna jeni moja ya kutotulia. Mwaka 2023 watafiti walioongozwa kutoka Aarhus, Denmark, walilinganisha vinasaba vya watu 38,691 wenye ADHD na vya watu zaidi ya 186,000 wasio nayo. Walipata sehemu 27 za vinasaba zinazohusika, na kila moja huongeza uwezekano kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha ADHD, sembuse kutabiri akili ya mtoto. Aidha, hadi mwaka 2019 takriban asilimia 79 ya watu walioshiriki katika tafiti za aina hii duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya, na makadirio yanayotokana nazo hupoteza usahihi yakitumiwa kwa Waafrika. Pengo hilo limeanza kushughulikiwa pwani hii hii ya Waswahili: huko Kilifi, Kenya, sambamba na Cape Town, utafiti uitwao NeuroDev unachunguza ukuaji wa akili na vinasaba vya watoto pamoja na wazazi wao.

Wastani wa wengi si hukumu ya mmoja

Swali la pili lina jibu la pande mbili. Tafiti nyingi zikijumlishwa, watoto wenye ADHD hupata kwa wastani alama 9 hivi pungufu katika vipimo vya akili ambavyo wastani wake ni 100. Sehemu ya pengo hilo inatokana na urithi. Utafiti wa jozi 1,116 za mapacha wa miaka 5 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba uhusiano kati ya dalili za ADHD na alama za akili unatokana kwa sehemu kubwa na jeni zinazogusa yote mawili.

Lakini uhusiano wenyewe si mkubwa. Katika utafiti huo, dalili za ADHD zilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za alama kati ya mtoto na mtoto. Zilizobaki zilitokana na mambo mengine. Miongoni mwa watoto wenye ADHD wengi wana akili ya kawaida, wapo wazito wa kujifunza, na wapo wenye vipawa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwaangalia watoto wenye alama 120 na zaidi. Waliokuwa na ADHD walirudia madarasa mara nyingi zaidi kuliko wenzao wenye alama kama zao, na katika familia zao hali hiyo ilionekana zaidi. Akili nyingi haikuwakinga. Mtoto wa namna hii hukosa msaada kwa sababu tofauti: huambiwa ni mvivu, kwani "akitaka anaweza."

Ikumbukwe pia kwamba kipimo cha akili chenyewe kinahitaji umakini. Mtoto anayepoteza alama kwa kuwa alitazama dirishani katikati ya swali hajaonyesha mwisho wa uwezo wake.

Fundisho kutoka Bagamoyo

Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, waliwapima watoto 358 wa miaka 11 hadi 13, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Hawakuridhika na kipimo cha mara moja. Waliwafundisha watoto mbinu za kutatua maswali kwa muda usiofika saa moja, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda kuliko za watoto 100 ambao hawakufundishwa, na waliokuwa chini mwanzoni si lazima ndio waliobaki chini mwishoni. Watoto hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na ADHD, lakini fundisho linawahusu walio nayo: alama ya siku moja, kwa mtoto asiyezoea vipimo, haitoshi kusema anaweza kufika wapi.

Kabla ya kuutaja ukoo

Si kila kutotulia kumerithiwa. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa. Baada ya miaka 2, takriban asilimia 26 walikuwa na upungufu wa utambuzi, wakati miongoni mwa watoto wa jamii hiyo hiyo wasiougua ilikuwa asilimia 8, na umakini ndio ulioathirika zaidi. Kwa hiyo mhudumu aulize: aliwahi kupata degedege au kupoteza fahamu? Alizaliwa njiti, au alichelewa kulia? Apimwe wingi wa damu na minyoo ya safura. Masikio na macho yakaguliwe, na familia iulizwe kuhusu usingizi na vipindi vya kuduwaa ghafla, ambavyo huweza kuwa kifafa.

Kisha itazamwe historia. ADHD huanza kabla ya miaka 12, hudumu kwa miezi 6 au zaidi, na huonekana mahali zaidi ya pamoja: nyumbani, darasani, madrasa. Mtoto kutulia saa nzima akivua pweza hakuondoi uwezekano huo, kwa maana wenye hali hii huweza kuzama katika jambo linalowavutia.

Msaada wa kwanza hauhitaji maabara. Mtoto akae mbele, karibu na mwalimu. Apewe agizo moja fupi kwa wakati mmoja, kazi igawanywe vipande, aruhusiwe kusimama kidogo, na asifiwe papo hapo anapomaliza. Fimbo haiongezi umakini. Hali isipobadilika, rufaa ianzie hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, hadi hospitali ya mkoa ya Sokoine, Lindi. Dawa ya metilfenidati hutolewa kwa usimamizi wa mtaalamu, kwa watoto wa miaka 6 na zaidi, pale mafunzo ya wazazi na walimu yasipotosha. Haiongezi akili, humsaidia mtoto kuitumia aliyo nayo.

Na baba aitwe kliniki. Huenda naye ana hali hiyo hiyo, na huenda aliacha darasa la nne bila mtu yeyote kumweleza kwa nini kukaa kulimshinda. Maneno ya bibi yaandikwe kwenye faili kama sehemu ya historia ya ugonjwa. Yasitumike kama sababu ya kuacha kumnunulia mjukuu madaftari.