Meli ya Doria na Ulinzi wa Uchumi wa Bahari

Inapotajwa manowari, wengi wetu hufikiria mizinga na vita. Fikra hiyo haitoshi. Kwa taifa linalotaka kujitegemea, bahari ni mali ya umma kama ilivyo ardhi, na mnyang'anyi wa mali hiyo mara nyingi haji na mizinga. Huja na ndoano na nyavu. Meli ya doria ya bahari kuu huundwa kwa ajili yake.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unalipa taifa la pwani bahari yake ya ndani ya mamlaka hadi maili 12 za baharini, na haki za kiuchumi hadi maili 200, yaani kilomita 370 hivi. Katika eneo hilo taifa laweza kupanda meli ya uvuvi, kuikagua na kuikamata. Lakini haki isiyo na chombo hubaki karatasini. Boti ndogo haiwezi kudumu huko. Meli ya doria hubeba mafuta na chakula cha majuma kadhaa, mzinga mdogo na boti za kasi za wakaguzi. Haikusudiwi kupigana na manowari kubwa. Hukagua leseni na samaki, huzuia magendo na uharamia, huokoa walio hatarini, na hufuatilia meli zinazomwaga mafuta baharini.

Machi 2009 Tanzania ilipata somo. Meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa katika eneo letu la kiuchumi ikiwa na shehena ya jodari. Iliyoikamata ni Sarah Baartman ya Afrika Kusini, meli ya doria isiyo ya kijeshi, katika doria ya pamoja ya nchi za kanda, wakaguzi wetu wakiwemo. Umoja ulituletea ushindi. Lakini bahari ilikuwa yetu, na meli ya ndugu.

Kukamata hakukuwa mwisho. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu kwa dosari za kisheria katika mwenendo wa kesi.

Kwa hiyo nahodha, mkaguzi, mpelelezi na mwendesha mashtaka wako katika safu moja. Tudai meli, na pamoja nayo tudai watumishi wenye ujuzi na uadilifu. Bila hao, meli itarudi bandarini na mali ya umma itaendelea kuondoka.