Insha ya MBA kwa maneno 300: Unakata nini, unabakiza nini?

Insha ina maneno 540. Fomu ya maombi inataka 300. Kisanduku kimeshageuka chekundu na siku ya mwisho ni kesho.

Vijana wengi wa Arusha walioomba nafasi ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, wanaijua hali hii. Mtu ana miaka sita kazini, ana matokeo mazuri na ana mengi ya kusema. Halafu anaambiwa aseme yote kwenye nafasi inayotosha ujumbe mrefu wa WhatsApp.

Hapo wengi hufanya kitu kimoja: wanachomoa neno hapa na neno pale hadi idadi itimie. Insha inapita kwenye mfumo, lakini inamfikia msomaji ikiwa imekauka. Na kwa vyuo vingi, ada ya maombi ikishalipwa hairudi.

Njia inayosaidia zaidi ni kukata mambo kwanza, maneno baadaye.

Kwa nini Arusha

Jiji hili lina watu wengi wa kuomba masomo ya aina hii. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Njiro kuna ESAMI, taasisi ya usimamizi inayomilikiwa na serikali za nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo inatoa MBA. Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kiko Njiro.

Kisha kuna biashara zenyewe: kampuni za utalii zinazopeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, mashamba ya maua, mboga na kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru, na wafanyabiashara wa tanzanaiti inayochimbwa Mererani.

Mtu akishafikia umeneja kwenye kampuni hizo, wazo la kuongeza elimu haliko mbali. Wengine husoma hapa hapa. Wengine hujaribu Uingereza, Afrika Kusini au Marekani, na huko ndiko wanakokutana na vikomo vikali.

Vikomo vyenyewe vikoje?

Vinabadilika mara kwa mara. Chukua Harvard Business School ya Marekani. Mwaka 2012 ilitaka insha mbili, kila moja isizidi maneno 400. Mwaka 2013 ikabaki na swali moja, bila kikomo chochote. Baadaye ikaweka kikomo cha maneno 900.

Mwaka 2024 ikabadilisha tena: insha tatu fupi, moja ya maneno 300 na mbili za maneno 250 kila moja. Jumla 800, lakini huwezi kuhamisha nafasi kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine.

Columbia ya New York imekuwa na swali gumu zaidi. Inamuuliza mwombaji lengo lake la kazi mara tu baada ya MBA, kwa herufi zisizozidi 50. Siyo maneno 50. Herufi.

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao Watanzania huuomba kila mwaka, kwa miaka mingi uliweka maneno 500 kuwa mwisho wa kila jibu.

Kwa nini wanabana hivyo?

Sababu ya kwanza ni wingi. Harvard huchukua wanafunzi 930 hivi kwa mwaka, na waombaji ni maelfu. Kila insha lazima isomwe na mtu.

Sababu ya pili ni usawa. Kikomo kinampa kila mwombaji nafasi ileile, awe ametoka Arusha au London.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika. Meneja kazini kwake hupewa dakika tano aeleze tatizo la miezi mitatu mbele ya bodi. Anayeshindwa kuchagua jambo moja kwenye insha anamtia msomaji wasiwasi kwamba hata kazini atashindwa kuchagua.

Tatizo linaanzia wapi

Kuna jambo la lugha ambalo wengi hawalioni. Kiswahili kinabeba mengi ndani ya neno moja. "Hawakutulipa" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hivyohivyo. "Nilipowaajiri, mauzo yaliongezeka" ni maneno matatu. Kwa Kiingereza yanakuwa sita.

Kwa hiyo mtu anayeandika rasimu kwa Kiswahili, akaona iko kwenye 300 na akafurahi, atashtuka akishaigeuza Kiingereza. Anayependa kuanza na Kiswahili aandike fupi kuliko kikomo, tena kwa pengo kubwa.

Jambo la pili ni mazoea ya barua rasmi. Barua zetu huanza mbali: husika na kichwa cha habari hapo juu, napenda kuchukua fursa hii, kwa heshima na taadhima. Ni adabu, na ofisini kwetu zina kazi yake. Ila kwenye kisanduku cha maneno 250, salamu za hivyo zinaweza kula sehemu ya kumi ya insha kabla mtu hajasema lolote.

La tatu ni unyenyekevu. Mtu aliyelelewa asijisifu huandika "tulifanya", "tulifanikiwa", "kwa ushirikiano". Msomaji wa chuo anabaki anajiuliza: sawa, wewe ulifanya nini?

Mfano: kampuni ndogo ya utalii

Tuseme mwombaji ana kampuni ndogo ya utalii jijini Arusha, na swali linahusu uongozi. Huyu ni mtu wa mfano tu, lakini rasimu ya kwanza huwa inafanana na hii:

*"Nilizaliwa na kukulia katika mji wa Arusha, ambao uko chini ya Mlima Meru na unajulikana duniani kote kama mji mkuu wa utalii wa Tanzania. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa na ndoto ya kuwa kiongozi. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 uliikumba dunia nzima na sekta ya utalii iliathirika vibaya sana, ikiwemo kampuni yetu, ambapo tulipitia changamoto nyingi lakini kwa ushirikiano tuliweza kuzishinda."*

Ni maneno 60. Msomaji amejua nini kuhusu mwombaji? Kwamba ni mtu wa Arusha. Basi.

Uviko hauhitaji kuelezwa. Ni kweli utalii uliumia: Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa milioni 1.5 hivi mwaka 2019, na mwaka 2020 wakashuka hadi laki sita na ushee. Lakini kila mwombaji wa sekta hiyo, kuanzia Nairobi hadi Cape Town, ana stori hiyohiyo. Kinachowatofautisha ni uamuzi ambao kila mmoja aliufanya.

Sasa rasimu ya pili:

*"Aprili 2020 wageni wote walighairi safari. Nilikuwa na wafanyakazi tisa na akiba ya mishahara ya miezi miwili. Niliuza gari moja kati ya manne, nikawaonyesha hesabu zote, tukakubaliana nusu mshahara kwa miezi sita. Wawili waliondoka. Saba walibaki, na ndio waliowapokea wageni waliporudi."*

Haya ni maneno 41. Yamepungua 19, lakini habari imeongezeka: kuna tatizo, kuna uamuzi, kuna gharama yake na kuna matokeo. Na "nili" na "tuka" zimekaa mahali pake. Gari aliliuza yeye. Nusu mshahara walikubaliana wote.

Angalia pia kwamba rasimu ya pili haikutokana na kufupisha ya kwanza. Karibu kila kitu cha mwanzo kilitupwa, kikaletwa kisa kimoja.

Hatua za kufuata

1. Chagua kabla ya kuandika. Chukua karatasi, orodhesha visa vitano vya kazini kwako. Kwa kila kimoja jiulize: ni uamuzi gani niliufanya mimi, na nini kingetokea nisingeufanya? Kisa kisicho na jibu kifute. Insha ya maneno 300 inabeba kisa kimoja, viwili kwa shida.

2. Andika kwa uhuru kwanza. Rasimu ya kwanza isiwe na kikomo. Anayehesabu tangu sentensi ya kwanza huishia kuandika kwa woga.

3. Futa aya ya kwanza, usome tena. Mara nyingi insha inaanza vizuri kwenye aya ya pili. Kama hakuna kilichopotea, iache ilivyo.

4. Ondoa kilichopo kwenye wasifu. Vyeo, miaka ya kazi, vyuo na wastani wa alama vipo tayari kwenye fomu. Kuvirudia ni kulipia nauli mara mbili.

5. Pima maelezo ya mazingira. Serengeti haihitaji utangulizi. VICOBA inauhitaji, lakini "kikundi cha kuweka na kukopeshana" inatosha. Historia yake iache.

6. Namba moja badala ya sifa tatu. "Niliongeza mauzo kwa kiasi kikubwa sana" ni maneno sita yasiyothibitisha kitu. "Wateja walitoka 40 hadi 65" ni matano, na yanathibitisha. Namba iwe ya kweli, maana unaweza kuulizwa kwenye usaili.

7. Mpe mtu wa nje ya kazi yako asome. Kisha funga simu na umuulize: umenielewa mimi ni mtu wa namna gani? Akikujibu kuhusu kampuni yako badala ya wewe, rudi mezani.

Herufi 50 zinatosha nini?

Kwenye kikomo cha herufi, hesabu pia nafasi na alama za uandishi. "Kuleta mabadiliko chanya katika jamii" ina herufi 37. Inapita, ila haielezi kazi yoyote duniani.

"Kusimamia mauzo ya mboga za Meru nje ya nchi" ina 44. Nayo inapita, na msomaji anajua kazi, bidhaa, mahali na soko. Tofauti yao ni kwamba wa pili ameshaamua anataka nini. Kama jibu halitaki kuingia kwenye herufi 50, mara nyingi lengo lenyewe bado halijakaa sawa kichwani.

Usikate haya

Kubana kuna hatari yake. Ukizidisha, insha inabaki kama orodha ya vitu vya dukani.

Usikate matokeo. Kisa kisicho na mwisho ni kama daladala iliyokuacha Sakina wakati ulikuwa unakwenda Usa River.

Usikate mahali uliposhindwa au uliposita. Wale wafanyakazi wawili walioondoka wamechukua maneno mawili tu, "wawili waliondoka", lakini ndiyo yanayomfanya msomaji aamini yaliyobaki.

Na usijaribu kuudanganya mfumo kwa kuunganisha maneno kwa vistari au mikwaju. Mashine inaweza isilione hilo. Mtu anayesoma ataliona.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Soma maelekezo ya mwaka huu, siyo ya rafiki yako aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Mfano wa Harvard unaonyesha jinsi vikomo vinavyohama.

Hesabu maneno ndani ya fomu yenyewe. Programu ya kuandikia na fomu ya chuo zinaweza kuhesabu tofauti, hasa penye vistari na namba. Jiachie nafasi ya maneno matano hadi kumi.

Ukibandika kutoka kwenye simu, soma hadi neno la mwisho. Fomu nyingine hazikatai insha ndefu. Zinakata tu mkia wake kimyakimya, na sentensi inayokatwa ni ile ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo uliyoihangaikia zaidi.

Kisha fanya yote haya siku tatu kabla ya siku ya mwisho. Kuamua kipi kitoke kunataka kichwa kilichotulia, na saa tano usiku, umeme ukichezacheza na bando likielekea mwisho, mtu hukata chochote kilicho karibu na kidole.

Hata chuo kikisema hapana, zoezi halipotei. Anayeweza kueleza kazi yake kwa maneno 300 ameshapata maelezo ya kumpelekea afisa mikopo wa benki, mbia wa biashara au bosi mpya. Nao hawana muda wa kusoma 540.