MUUZA MAZIWA ALIYETUNGA MASHAIRI

Ann Yearsley alizaliwa mwaka 1753 huko Clifton, karibu na mji wa Bristol, Uingereza. Mama yake aliuza maziwa nyumba kwa nyumba, na Ann naye akafanya kazi hiyo. Hakusoma shuleni. Kaka yake alimfundisha kuandika. Mama yake aliazima vitabu kwa watu ili binti yake apate kusoma.

Mwaka 1774 aliolewa na John Yearsley. Watoto walizaliwa, umaskini ukazidi. Majira ya baridi ya 1783 hadi 1784 yalikuwa makali sana. Familia nzima, pamoja na mama yake mzee, ilikutwa bandani ikikaribia kufa kwa njaa. Watu waliwaokoa, lakini mama yake alifariki muda mfupi baadaye.

Ann alifuga nguruwe pia. Alikuwa akienda kuchukua makombo ya kuwalisha katika jiko la mwandishi mmoja tajiri, Bibi Hannah More. (Bwana mifugo yeyote angemsifu kwa hilo.) Mpishi wa nyumba hiyo akamwonyesha Bibi More mashairi ya muuza maziwa huyu.

Wakubwa walishangaa. Lakini Ann hakuwa wa kwanza. Mwaka 1739 mwanamke mfua nguo aitwaye Mary Collier alitoa kitabu cha kumjibu Stephen Duck, kibarua wa kupura nafaka. Duck alikuwa amewacheka wanawake kwamba shambani wanapiga domo tu. Mary alimjibu kwamba mwanamke anavuna pamoja na mume, kisha anarudi nyumbani kupika na kulisha watoto wakati mume amepumzika. Akina baba, nadhani hoja hiyo mmewahi kuisikia.

Turudi kwa Ann. Bibi More alitafuta wanunuzi. Zaidi ya watu 1,000 walilipa kabla kitabu hakijachapwa, nacho kikatoka mwaka 1785. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Bibi More na rafiki yake Elizabeth Montagu waliziweka fedha chini ya ulinzi wao, Ann asiweze kuzigusa. Walikuwa na sababu: kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mke ilikuwa ya mume, nao waliogopa John angezitumia ovyo. Lakini Ann aliuliza: mama mwenye watoto, aliyefanya kazi mwenyewe, kwa nini asiwe na sauti juu ya fedha za jasho lake? Aliomba awe mmoja wa wadhamini, na watoto wake wapate mafungu sawa. Akaitwa mtu asiye na shukrani. Kwangu mimi ombi lake lilikuwa la haki. Hakunyamaza. Mwishowe alizipata fedha hizo, na katika kitabu chake cha pili, mwaka 1787, alieleza habari yote kwa upande wake.

Mwaka 1788 aliandika shairi la kupinga biashara ya watumwa. Hilo lilihitaji moyo, kwa sababu Bristol ilitajirika kwa biashara hiyo hiyo. Meli zake zilichukua watu Afrika Magharibi na kuwavusha bahari kwenda kulima miwa. Katika shairi hilo kijana Luco anatenganishwa na wazazi wake. Msimamizi wa shamba anampiga mjeledi usoni, Luco anamrudishia kwa jembe, na kwa ajili hiyo anauawa. Ann aliwauliza wafanyabiashara wa mji wake wangejisikiaje kama watoto wao wenyewe wangeuzwa.

Baadaye aliandika mchezo wa kuigiza na hadithi ndefu. Mwaka 1793 alifungua maktaba ya kuazimisha vitabu kwa malipo, karibu na kwao. Alifariki mwaka 1806. Mwaka uliofuata, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, ingawa utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake hata ilipotungwa sheria ya kuukomesha mwaka 1833.