Kidonge cha Buluu Si Dawa ya Umeme Mkubwa

"Ekstensheni ipi inazuia umeme mkubwa?" Swali hili haliishi kwenye maduka ya Kariakoo, na jibu lake ni fupi: hakuna. Ifungue hiyo yenye "kinga". Ukibahatika utakuta kidonge, aghalabu cha buluu, kiitwacho varista. Ni unga wa oksidi ya zinki wenye bismuthi kidogo, uliochomwa kama chungu. Punje zake hupitisha umeme vizuri. Kinachouzuia ni mipaka kati ya punje na punje. Kila mpaka huhimili takriban volti 3, kisha huachia ghafla. Kidonge cha volti 275, kinachowekwa kwenye umeme wetu wa volti 230, kina mipaka kama 140 iliyofuatana, kwa kuwa vilele vya umeme huo hupita volti zinazotajwa. Basi.

Mipaka hiyo iliundwa kumeza mshindo wa sehemu ndogo mno ya sekunde, kama wa radi ya mbali. Lakini "umeme mkubwa" unaounguza televisheni za ghorofa nzima mara nyingi ni waya wa nyutro uliokatika kwenye jengo la fezi 3. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na kifaa chako chaweza kupata karibu na hizo kwa dakika kadhaa. Mipaka ikibaki wazi muda huo, kidonge huchemka, hupasuka, hata kuwasha plastiki. Umeme ukiwa mdogo, ule unaoua kompresa za friji, mipaka haifunguki kabisa. Muuzaji atakwambia chukua yenye kidonge kikubwa. Lakini upana huongeza uwezo wa kumeza mshindo tu. Volti huamuliwa na idadi ya mipaka, nayo hufuata unene. Na anayejitetea kuwa ekstensheni yake ina miaka mitano na taa inawaka, ajue kwamba taa nyingi za aina hiyo huonyesha umeme upo tu, huku kila mshindo ukiidhoofisha mipaka kimyakimya.

Unachohitaji ni friji gadi inayokata umeme ukipanda au kushuka na kuchelewa kuurudisha. Stabilaiza kama umeme ni mdogo kila siku. Fundi mwenye leseni akaze nyutro na kupima erthi. Radi ikinguruma, chomoa. Kidonge humeza mshindo. Umeme mkubwa haumezwi, hukatwa.