Bunduki Ipimwe kwa Mpigaji

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi malalamiko ya nguruwe hayaishi. Mihogo na migomba tuliyopanda kando ya mikarafuu huchimbuliwa usiku mmoja tu, na miche michanga ikang'olewa pamoja nayo. Kwa hiyo wanachama kadhaa wametuuliza: mtu akipata kibali cha polisi, anunue bunduki gani ya mitutu miwili? Aghlabu swali huja na jina la kiwanda, au na bei. Sisi twaona kwamba swali la kwanza si hilo. Swali la kwanza ni hili: je, bunduki hiyo yamwenea mpigaji?

Mwanachama mmoja, ambaye jina lake twalihifadhi, aliachiwa bunduki na marehemu baba yake, akafuata sheria mpaka kibali kikaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Mzee alikuwa mrefu wa mikono na shingo. Mwana ni mfupi, mpana wa kifua. Jioni moja nguruwe alimtokea hatua 20 tu mbele yake. Alipiga mitutu yote miwili. Nguruwe akaenda zake, na marisau yakakata vitawi vya mkarafuu upande wa kushoto. Nyuma ya mkarafuu ule ipo njia wapitayo kina mama na vikapu vyao vya karafuu. Kwa rehema ya Mungu, wakati ule njia ilikuwa tupu. Mwenzetu alidhani macho yake yameharibika. Macho yalikuwa mazima. Kitako cha bunduki ndicho kilichokuwa kirefu kwake.

Yafaa tueleze sababu. Raifali ina alama mbili za shabaha, moja nyuma na moja mbele. Bunduki ya marisau kwa kawaida ina ushanga mmoja tu, kwenye ncha ya mtutu. Alama ya nyuma ni jicho la mpigaji. Na jicho hukaa pale shavu linapokaa, na shavu hukaa pale kitako kinapolipeleka. Basi kitako kisipokuwa cha kipimo chako, ni kama kupiga raifali ambayo alama yake ya nyuma imepinda. Jicho likikosea kwa unene wa punje ndogo ya mchele, marisau hukosea kwa upana wa kiganja.

Vipimo vya kutazama ni hivi. Lakini kabla ya kupima, ifungue bunduki na uhakikishe kwa macho yako kwamba haina risasi. Kisha hakikisha tena.

Kwanza, urefu wa kitako. Hupimwa kutoka kifyatuo, yaani pale kidole kinapovuta, mpaka mwisho wa kitako begani. Bunduki nyingi za viwandani hutoka na urefu wa inchi 14 na robo hadi 14 na nusu, yaani sentimita 36 au 37. Mtu mfupi hukiona kirefu: kitako humnasa kwapani anapokiinua, au hukaa juu ya mkono badala ya bega, na kwa mtu wa mkono wa kulia marisau huelekea kushoto. Kikiwa kifupi, kidole gumba humgonga mpigaji puani. Ukiiweka begani vizuri, kati ya pua na gumba pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Pili, kimo cha mgongo wa kitako, pale shavu linapoegemea. Fumba macho, inua bunduki begani kama ilivyo kawaida yako, kisha fumbua. Uuone ushanga, na mgongo wa mitutu kidogo tu. Ukiona mgongo wote umetandazika kama barabara, kitako kiko juu, na marisau yatapita juu. Ukiona chuma cha nyuma tu na ushanga umejificha, kitako kiko chini, na marisau yataangukia chini.

Tatu, mpindo wa pembeni. Fundi huweza kukipinda kitako kidogo kuelekea kulia kwa mtu wa mkono wa kulia, na kushoto kwa mtu wa shoto, ili jicho likae katikati ya mitutu. Mwenye uso mpana huhitaji mpindo zaidi. Mtu wa shoto asinunue bunduki iliyopindwa kwa wa kulia kwa sababu tu ya urahisi wa bei.

Nne, jicho lenyewe. Nyoosha kidole kuelekea mnazi wa mbali, macho yote wazi. Fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki pale pale, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka pembeni, linaloongoza ni la kushoto, na ukipigia bega la kulia utakosa kila mara mpaka ulifumbe la kushoto au ujifunze bega jingine.

Tano, uzito. Bunduki nyepesi hupendeza dukani na kuchosha begani. Mafundi wa Uingereza wana kanuni ya zamani: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayoyapiga. Marisau ya gramu 28 yataka bunduki ya kilo 2.7 hivi, ya gramu 36 yataka kilo 3.4 na zaidi. Ukiwa chini ya hapo, teke lake litakufundisha kufumba macho kabla ya kuvuta, na huo ni ugonjwa mgumu kuponya.

Amma mitutu ikae ubavu kwa ubavu au mmoja juu ya mwingine, hilo ni la mazoea. Ya ubavu kwa ubavu haihitaji kufunguliwa sana ili kutia risasi, nayo yafaa kichakani. Ya juu na chini humpa mpigaji mstari mwembamba wa kutazamia. Sisi twapendelea yenye vifyatuo viwili, kwani mtambo mmoja ukiharibika wa pili hubaki.

Lipo na jambo la namba, ambalo si la kupuuza. Namba 12 maana yake ni kwamba risasi 12 za duara za timazi, zenye upana wa mtutu ule, zatimia ratili moja. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akidhani hakutia kitu akaongeza ya namba 12 nyuma yake, mtutu hupasuka mkononi. Msichanganye namba hizi mfuko mmoja. Kadhalika, bunduki nyingi za zamani zina chumba cha risasi cha milimita 65. Zisitiwe risasi za milimita 70. Kipimo aghlabu huchorwa chini ya mitutu. Asiyeweza kukisoma ampelekee fundi mwenye leseni.

Mwisho, ijaribuni kwenye karatasi kubwa, penye kilima nyuma yake, kwa umbali wa mita 15 hivi, na kwa ruhusa ya wahusika. Marisau yakienda inchi 2 upande mmoja mara kwa mara, kitako chataka kurekebishwa kwa sehemu ya 8 ya inchi. Kumbukeni kuwa hata marisau madogo huweza kufika zaidi ya mita 200, na katika msimu wachumaji wako juu ya mikarafuu wasikoonekana.

Mwenzetu alipeleka bunduki ya baba yake kwa fundi, kikakatwa inchi moja na kidogo. Sasa marisau yake huenda anakotazama. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako; na bunduki ya kurithi, hata ikiwa ya thamani, ni nguo ya kuazima mpaka ipimwe upya. Atakaye kununua na apite ofisini kwetu kabla hajalipa. Futi ya fundi cherehani ipo, na kumpima mtu mkono na shingo hakuna gharama.

Wenu katika kazi,
Katibu