Kabla Hujalipia Mashine ya Yogati, Soma Hapa Kwanza

Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni, na swali linalojaza inboksi yangu siku hizi ni hili: "Dada, mashine ya yogati ipo? Nataka kuanza biashara." Ipo. Ila ukiniambia unataka kuuza vikopo 40 kwa siku, nitakwambia usiinunue. Najua nafukuza hela yangu mwenyewe, lakini mteja akifilisika leo, kesho hatarudi kununua hata kijiko.

Iko hivi. Ile mashine ndogo yenye vikombe saba vya kioo kazi yake ni moja tu, kutunza joto. Haichemshi maziwa wala haiyapoozi. Wanaogandisha ni bakteria, na wao wanataka uvuguvugu wa nyuzi 40 hadi 45 kwa saa 5 mpaka 8. Sasa piga hesabu: vikombe 7 kila baada ya saa 7. Oda ya 40 ni mizunguko sita, yaani saa 42. Wateja watakuwa wameshakunywa soda zao. Na umeme ukikatika saa nane usiku je?

Kwa matumizi ya familia ni nzuri, wala siisemi vibaya. Kwa biashara tumia deli, lile lile la kubebea barafu. Panga vikopo vyenye mifuniko humo ndani, mwaga maji ya nyuzi 45 yafike nusu ya vikopo, funga, funika blanketi, achana nalo. Usichungulie kila saa! Linatunza joto bila umeme, na asubuhi ukiliosha linabeba mzigo wa wateja. Hotpoti nayo inafaa, ila ukishachota yogati kuhamishia kwenye vikopo inavunjika, kwa hiyo hiyo iwe ya kunywa.

Hela uliyookoa nunua kipimajoto cha chakula. Hapa ndipo watu wanabana matumizi halafu wanamwaga maziwa. Pasha maziwa hadi nyuzi 85, yashikilie hapo dakika 30 huku unakoroga. Vijidudu vinakufa, na yogati inatoka nzito bila kuongeza unga wowote. Kisha ingiza sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka kipimo kisome 45. Hapo ndipo unaweka yogati ya kuanzishia, ile isiyo na ladha, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Ukiiweka kwenye nyuzi 60 umeshawaua bakteria, utaamka ukute maziwa yale yale. Ukiiweka yamepoa kabisa, utasubiri mpaka uchoke. Unaweza kubakiza kidogo ya kuanzishia mzunguko unaofuata, ila baada ya mara tatu nne anza na mpya, maana nguvu inapungua.

Sufuria iwe ya chuma cha pua yenye kitako kizito. Ya alumini chemshia tu, usigandishie humo, uchachu na alumini havipatani.

Halafu maziwa yenyewe. Muulize mfugaji kama ng'ombe amechomwa sindano siku za karibuni. Dawa ya antibiotiki ikibaki kwenye maziwa, bakteria wako hawafanyi kazi, na wala si kitu cha kumnywesha mtoto wa mtu. Swali hili ni la bure, uliza kila siku.

Ikishaganda, iingie friji ya nyuzi 4 usiku mzima ndiyo itoke. Usimpe boda kikopo kwenye mfuko wa nailoni saa saba mchana, jua la Dar hili! Deli na barafu, au peleka asubuhi. Matunda na ladha weka mwishoni, na kila kikopo andika tarehe ya kutengeneza.

Unaotaka kufika madukani, tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako TBS, si TFDA tena kama wengine wanavyowaelekeza. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wako, wanafundisha usindikaji na watakuelekeza hatua zinazofuata.

Vipimajoto ninavyo, madeli yapo ya lita 20 na 35. Mashine nayo ipo, kwa wa nyumbani.